Mvuto wa Tamthilia za Mapenzi ya Sekondari kutoka China: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mtazamaji aliyekwisha kuona sehemu mbili tatu na kujikuta akijiuliza kwa nini hawezi kuacha, na vilevile kwa ajili ya yule anayeishi naye nyumba moja, ambaye haelewi kabisa kinachomkesha mwenzake.

Ni tamthilia zipi hasa zinazozungumziwa hapa?

Ni tamthilia za China Bara zinazowahusu wanafunzi wa sekondari ya juu, yaani ile miaka mitatu ya mwisho kabla ya chuo kikuu, ambayo mwanafunzi huianza akiwa na umri wa miaka 15 hivi na kuimaliza akiwa na 18. Nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya vituo vya televisheni bali kwa majukwaa ya video ya mtandaoni, hasa iQiyi, Tencent Video na Youku, na kwa kawaida huwa na sehemu kati ya 20 na 30, kila moja ikichukua kama dakika 40. Wimbi lake lilishika kasi mwaka 2016 ilipotoka With You kwenye iQiyi, likazidi mwaka 2017 kwa A Love So Beautiful ya Tencent Video. Mwaka 2023 Youku ilitoa mbili zilizovuka mipaka ya China kwa kishindo, When I Fly Towards You na Hidden Love, zote zikitokana na riwaya za mwandishi mmoja anayetumia jina la kalamu la Zhu Yi.

Zisichanganywe na tamthilia za majoho na mapanga, wala zile za bosi tajiri na katibu muhtasi wake, ingawa, kama itakavyoelezwa huko mbele, hizi za shule nazo zina tabia ya kuteleza na kuangukia kwenye ofisi ya bosi zinapokaribia mwisho.

Mbona hakuna kinachotokea, na bado watu wanaangalia hadi alfajiri?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na mara nyingi huulizwa na baba mwenye nyumba aliyepita sebuleni mara tatu na kukuta kila mara wahusika wamekaa darasani wakifanya hesabu.

Kinachotokea kipo, ila kimepunguzwa ukubwa. Katika tamthilia ya kawaida ya mapenzi, tukio ni busu, usaliti, ajali ya gari au barua ya talaka. Humu tukio ni mvulana kusukuma karatasi ya rasimu upande wa pili wa dawati, juu yake kukiwa na hatua sita za kukokotoa swali la fizikia ambalo msichana ameshindwa, na hatua ya tatu ikiwa imepigiwa mstari mara mbili kwa sababu anajua kwamba hapo ndipo huwa anakosea. Hasemi neno. Anarudia kitabu chake. Kamera inabaki kwenye ile mistari miwili, kisha inahamia kwa msichana, ambaye haandiki chochote kwa muda. Mtazamaji aliyekwisha kuzoea lugha ya tamthilia hizi anajua kwamba tamko la mapenzi limekwisha kutolewa, na kwamba huenda likahitaji sehemu nyingine 15 kabla halijasemwa kwa mdomo.

Mvuto wote unakaa hapo. Mambo makubwa yakizuiwa, madogo huchukua uzito wake: nani amemchukulia nani maji ya moto kwenye birika la korido, nani ameacha mlango wa nyuma wa darasa wazi wakati mwenzake amechelewa, nani amepunguza mwendo wa baiskeli. Mtazamaji analazimika kuwa makini, na umakini huo ndio unaomfunga. Asiyekuwa makini huona watu wanafanya hesabu tu.

Kwa nini wahusika hawaambiani tu kwamba wanapendana?

Kwa sababu hawaruhusiwi, na katazo hilo linatoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Upande wa kwanza ni ndani ya hadithi. Shule nyingi za sekondari nchini China huyahesabu mapenzi ya wanafunzi kuwa kosa la nidhamu, na wazazi wengi huyaona kama wizi wa muda wa kusoma. Mwalimu wa darasa akihisi jambo huwatenganisha wahusika viti, huwaita ofisini mmoja mmoja, na likizidi huwaita wazazi. Mtazamaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa sana hapa, kwani wengi wetu tumesoma katika shule ambazo barua ya mapenzi ikinaswa husomwa mbele ya wenzako.

Upande wa pili ni wa watengenezaji wenyewe. Kanuni za maudhui ya tamthilia za televisheni nchini China zilizojulikana hadharani mwaka 2016 zinataja mapenzi ya wasiotimiza umri wa utu uzima, sambamba na uvutaji wa sigara, ulevi na ugomvi wao, miongoni mwa mambo yasiyofaa kuonyeshwa. Waandishi wamejifunza kuishi na katazo hilo kwa kutumia njia ambazo mtazamaji mzoefu anazitambua papo hapo: mapenzi ya siri ya upande mmoja ambayo hayajibiwi hadi baadaye, urafiki ambao kila mtu darasani anajua ni zaidi ya urafiki, na tamko linaloahirishwa hadi mtihani wa mwisho upite na wahusika wawe wamefikia umri. Mara nyingi jioni ile ile ya mtihani, vitabu vikiwa bado vinarushwa kutoka ghorofani, ndipo mmoja anapopanda ngazi akimtafuta mwenzake.

Wapo wanaosikitika kwamba udhibiti huu umewafunga waandishi mikono. Katika mambo mengi wako sahihi. Lakini kwa aina hii moja ya hadithi, nathubutu kusema kwamba ufungaji huo ndio uliozaa ufundi wake, kwa sababu mwandishi aliyenyimwa busu ameilazimisha karatasi ya rasimu izungumze.

Huo mtihani unaotajwa kila sehemu ni mtihani gani?

Unaitwa gaokao, na ni mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu. Ulisimamishwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, yaani misukosuko ya kisiasa ya zama za Mao, na kurejeshwa mwaka 1977. Tangu mwaka 2003 kwa kawaida hufanyika mwanzoni mwa Juni, ukianza tarehe 7. Kabla ya hapo ulikuwa Julai, katika joto kali zaidi. Katika majimbo mengi alama za juu kabisa ni 750. Mwaka 2024 watahiniwa waliojiandikisha walikuwa milioni 13.42, idadi ambayo ni kubwa kuliko wakazi wa baadhi ya nchi. Siku hizo ujenzi wenye kelele husimamishwa karibu na vituo vya mtihani, polisi huwasindikiza watahiniwa waliokwama njiani, na akina mama husimama getini wakiwa wamevaa nguo nyekundu kuwatakia heri watoto wao.

Mtihani huu ni zaidi ya mandhari katika tamthilia hizi. Ndio injini yake. Kwanza, unaipa hadithi saa inayohesabu. Mwaka wa mwisho, kwenye pembe ya ubao, huandikwa idadi ya siku zilizobaki, na siku 100 kabla ya mtihani shule nyingi hufanya hafla ya kiapo ambapo wanafunzi hujipanga uwanjani na kuapa kwa sauti kwamba watajitahidi. Pili, na hili ndilo la muhimu zaidi, unayafunga mapenzi na masomo yawe kitu kimoja. Alama huamua chuo, chuo huamua mji, na mji huamua kama wawili hawa wataonana tena. Msichana wa alama za kati anayempenda mvulana anayeelekea chuo kikubwa cha Beijing hana njia ya kumfuata isipokuwa kupandisha alama zake za hisabati. Kwa hiyo anaposoma usiku wa manane akiwa amejifunika blanketi mabegani, anasoma, na pia anapenda, na hakuna anayeweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Ndiyo maana pia ubao wa matokeo unapata nafasi kubwa. Majina hupangwa kwa nafasi, na msichana hulitafuta la mvulana kabla ya lake, kisha anahesabu ni majina mangapi yaliyo katikati yao. Wizara ya Elimu ya China imekwisha kukataza shule kutangaza nafasi za wanafunzi namna hiyo, lakini hadithi nyingi zimewekwa katika miaka ya nyuma, wakati ubao ulikuwa bado unatundikwa.

Kwa nini dawati lina umuhimu mkubwa hivyo?

Madarasa ni makubwa, wanafunzi 50 au zaidi, na huketi wawili wawili. Mwanafunzi hakai na anayemtaka. Mwalimu wa darasa ndiye anayepanga, kwa urefu, kwa alama, au kwa mchanganyiko wa mwenye nguvu na mnyonge ili mmoja amsaidie mwingine. Wanafunzi hawahami vyumba kufuata somo. Walimu ndio wanaoingia na kutoka. Kwa hiyo mtu aliyewekwa pembeni yako utakuwa naye tangu kipindi cha kusoma kwa sauti asubuhi hadi masomo ya usiku, yale ambayo kwetu wanafunzi wa bweni huyaita prepo, na saa hizo zinaweza kuwa nyingi kuliko unazokaa na mzazi wako.

With You imejengwa karibu yote juu ya dawati moja. Geng Geng ni msichana aliyeingia kwa bahati katika shule bora ya mji wao, na Yu Huai ni mvulana mwenye akili ya sayansi aliyeketi pembeni yake. Msichana anahangaika kwa sababu yuko mahali ambapo kila mtu anamzidi, na mvulana anamfundisha bila kumdharau. Mwaka wa kwanza unapokaribia kwisha linakuja suala la kuchagua mchepuo, sayansi au sanaa, na aliyewahi kuchagua tahasusi kwa sababu ya rafiki ataelewa mara moja kwa nini sehemu hizo zinauma. Akili inamwambia aende sanaa. Dawati linamwambia abaki.

Kwa wanaoketi pamoja tangu shule ya msingi kuna pia ule mstari wa kugawa dawati, unaochorwa kwa kalamu au chaki katikati, na ole wake atakayeuvuka kwa kiwiko. Mwandishi stadi huutumia mara mbili: mwanzoni unapochorwa kwa hasira, na baadaye pale ambapo hakuna anayekumbuka tena kuuangalia.

Kwa nini wanavaa nguo za michezo darasani?

Hizo ndizo sare. Shule nyingi za China hutumia suti ya michezo iliyopwaya, mara nyingi ya bluu na nyeupe, inayovaliwa na wavulana na wasichana bila tofauti. Hazimpendezi mtu yeyote, na hilo linaisaidia hadithi. Kila mtu akiwa amevaa gunia moja, utajiri haujionyeshi, umbo halijionyeshi, na mtazamaji anabaki na uso na namna mtu anavyoketi.

Kwa nini mara nyingi msichana ndiye anayemfukuzia mvulana, na mvulana ni baridi kama barafu?

Fomula hiyo ilipata nguvu kwa A Love So Beautiful, ambamo Chen Xiaoxi, msichana mchangamfu asiye na alama nzuri, anampenda jirani yake Jiang Chen, kijana mwenye akili asiyezungumza ila kwa kumkejeli. Mamilioni waliipenda, Wakorea wakaitengeneza upya mwaka 2020, na watayarishaji wengi wakainakili.

Mvuto wake unaeleweka. Msichana ndiye mwenye kutenda. Anajua anachokitaka na haoni aibu. Mvulana asiyesema hulazimisha mtazamaji kumsoma kwa matendo, na kila tendo dogo la upole linakuwa ushindi. Hata hivyo lawama zake nazo ni za haki. Katika sehemu nyingi kejeli zinavuka mpaka na kuwa dharau, msichana anaitwa mjinga mara nyingi mno, na msichana wa kidato cha pili anayeangalia anaweza kuondoka na imani kwamba anayekutukana ndiye anayekupenda kwa siri. Mzazi anayeangalia na binti yake asiliache hilo lipite bila neno.

When I Fly Towards You inapendwa na wengi hasa kwa sababu imelirekebisha hilo. Su Zaizai bado ndiye anayeanza, lakini Zhang Lurang si mkali. Ni mpole, mpweke, mtoto ambaye nyumbani hajawahi kuonekana anatosha, na ukimya wake ni wa mtu asiyeamini kwamba anastahili kupendwa. Anapoanza kufunguka, tunaona mtu anapona, na si mwenye kiburi anayelainika. Hakuna mpinzani wa hila wala sintofahamu inayovutwa kwa sehemu sita.

Kwa nini nyingi zimewekwa miaka ya nyuma, na simu za vibonye?

Waandishi wa riwaya zilizozaa tamthilia hizi, pamoja na wasomaji wao wa kwanza, wengi ni watu waliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Waliposoma sekondari ilikuwa kati ya mwaka 2000 na 2010 hivi: redio ndogo za MP3, kaseti na sidii za mwimbaji Jay Chou, simu za vibonye zilizofichwa ndani ya kamusi, ujumbe wa QQ (programu ya kuandikiana) kwenye mgahawa wa intaneti, homa ya SARS ya mwaka 2003, Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Wameandika walichokiishi, nao walionunua haki za riwaya walijua kwamba kizazi hicho sasa kina ajira na uwezo wa kulipia video.

Kuna sababu ya kiufundi pia, nayo haitajwi sana. Simu ya kisasa inaua hadithi ya aina hii. Wawili wenye simu janja wangetumiana ujumbe usiku kucha na siri ingekwisha katika sehemu ya pili. Wasiokuwa nayo hulazimika kusubiri hadi asubuhi, kupita mbele ya darasa la mwenzake bila sababu, au kupiga simu ya mezani na kukata anapopokea mama.

Kwa nini mhusika mkuu na jirani yake huwa wamekua pamoja kama ndugu?

Kwa sababu wengi wa kizazi hicho hawakuwa na ndugu. Sera ya mtoto mmoja, iliyoanza kutekelezwa nchi nzima takriban mwaka 1980 na kuondolewa kuanzia 2016, iliwafanya watoto wengi wa mijini wakue peke yao nyumbani. Mtoto wa mlango wa pili katika jengo la kampuni au la walimu alichukua nafasi ya kaka au dada: walirudi pamoja kutoka shule, walikula kwa zamu katika nyumba mbili, na wazazi wao walifanya kazi mahali pamoja. Fasihi ya Kichina ina simulizi za kale za wawili waliokua pamoja kisha wakaoana, na sera hiyo iliipa picha hiyo ya zamani mazingira mapya ya ngazi za saruji na milango inayotazamana.

Je, maisha ya shule nchini China ndivyo yalivyo kweli?

Ratiba ni ya kweli, tena imepunguzwa makali. Masomo ya usiku, mazoezi ya viungo ya pamoja uwanjani, mazoezi ya macho yanayofanywa kwa kufuata sauti ya kipaza sauti, mafunzo ya kijeshi ya siku kadhaa mwanzoni mwa kidato cha kwanza cha sekondari ya juu, rundo la vitabu juu ya dawati linaloficha uso wa anayesinzia. Yote hayo mwanafunzi wa China atakuthibitishia.

Kisichoonyeshwa ni wale waliobaki nje. Kabla ya sekondari ya juu kuna mtihani mwingine wa mchujo, na sehemu kubwa ya wanafunzi huishia vyuo vya ufundi. Hao hawana tamthilia. Watoto wa vijijini, na wale ambao wazazi wao wamehamia mjini kutafuta kazi lakini usajili wao wa ukazi umebaki kijijini, mara nyingi hulazimika kurudi walikosajiliwa ili kufanya gaokao. Nao huonekana kwa nadra, kama mwanafunzi maskini mwenye bidii anayeketi mstari wa nyuma. Shule tunayoiona karibu kila mara ni shule teule ya mji, yenye miti mikubwa na mwalimu wa darasa mwenye utani. Unyanyasaji kati ya wanafunzi nao hupitiwa juu juu. Anayetaka kuona upande huo na atafute filamu ya Better Days ya mwaka 2019, ambayo ina wanafunzi wale wale na mtihani ule ule, ila haina sukari.

Zinatofautianaje na za Korea na Taiwan?

Taiwan ilitangulia. Meteor Garden ya mwaka 2001, iliyotokana na katuni ya Kijapani, ilileta vijana wanne matajiri na msichana maskini, na ladha hiyo ilitawala Asia kwa miaka mingi. Tamthilia za Korea zinazohusu shule nazo hupenda kuchanganya mapenzi na tabaka, kisasi au mauaji. Hizi za China Bara zimekwenda njia ya unyenyekevu: baba ni mwalimu au dereva, nyumba ni ya vyumba viwili, na adui mkubwa ni somo la hisabati. Anayependa mshtuko atazichoka haraka.

Zinafaa kuangaliwa na familia nzima?

Kwa sehemu kubwa zinafaa, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazozifanya ziangaliwe sebuleni bila mtu kukimbilia rimoti. Wahusika wanapokuwa shuleni, kushikana mkono ni jambo kubwa. Mabusu huja baadaye, wakiwa watu wazima, na hayazidi hapo.

Inayohitaji tahadhari ni Hidden Love. Msichana Sang Zhi anaanza kumpenda kwa siri rafiki wa kaka yake, Duan Jiaxu, akiwa bado mwanafunzi na mwenzake yuko chuo kikuu. Tamthilia inajitahidi: mvulana anamchukulia kama mdogo wake, na uhusiano hauanzi hadi msichana awe chuoni. Hata hivyo watazamaji wamegawanyika, na wanaosema kwamba inapendezesha jambo lisilopaswa kupendezeshwa hawasemi upuuzi. Zhao Lusi na Chen Zheyuan wanaigiza vizuri mno kiasi cha kumfanya mtu asahau kuuliza, na labda hapo ndipo pa kuuliza.

Mbona waigizaji wanaonekana wakubwa kuliko umri wao?

Kwa sababu ni wakubwa. Tan Songyun alikuwa na miaka 25 With You ilipoanza kurushwa, akiigiza Geng Geng, msichana wa miaka 15. Waigizaji wa umri halisi wa wahusika wangekuwa shuleni wakijiandaa na gaokao, na isitoshe kumweka mtu mzima katika nafasi hiyo kunarahisisha mambo mbele ya wadhibiti. Tatizo la kweli ni vichujio vya picha, vinavyozilainisha nyuso hadi chunusi, ambayo ni haki ya kila mwanafunzi wa kidato, inatoweka kabisa.

Kwa nini nusu ya mwisho huwa dhaifu?

Kwa sababu saa imekwisha kugonga. Mtihani ukipita, kile kilichokuwa kikizuia na kusukuma kila kitu kimeondoka, na mwandishi anabaki na watu wawili wazima wanaoweza kuambiana lolote. Hapo ndipo zinapoingia zana za kuazima: ugonjwa wa mzazi, safari ya masomo Marekani, miaka ya kupotezana, kukutana tena mmoja akiwa daktari bingwa au meneja. With You inamtowesha mvulana baada ya mtihani na kuwakutanisha miaka mingi baadaye, na ingawa inafanya hivyo kwa ustadi kuliko wenzake, sehemu zinazokumbukwa na watu bado ni zile za darasani. A Love So Beautiful inaendelea hadi hospitalini na ndoa, na kwa maoni yangu ingeweza kupunguza sehemu tano bila hasara.

Zinatengenezwaje kwa gharama ndogo na bado zinapendeza?

Shule moja, nyumba mbili, mgahawa wa tambi na uwanja wa mpira wa kikapu vinatosha. Sare haibadiliki, waigizaji wanaochipukia hawadai malipo ya mastaa, na hadithi imekwisha kujaribiwa sokoni kama riwaya ya mtandaoni, nyingi zikiwa zimeanzia Jinjiang, tovuti ya hadithi iliyoanzishwa mwaka 2003 ambayo waandishi na wasomaji wake wengi ni wanawake. Hu Yitian na Shen Yue, waigizaji wakuu wa A Love So Beautiful, hawakuwa majina makubwa kabla yake. Waliondoka humo wakiwa mastaa.

Zinapatikana kwa Kiswahili?

Tamthilia za Kichina kwa jumla zina historia ya Kiswahili: ile ya Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa na TBC mwaka 2011 ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, na StarTimes imekuwa ikiendesha mashindano ya kutafuta vipaji vya kuingiza sauti. Lakini zilizopewa kipaumbele ni za familia na ndoa. Za shule kwa sehemu kubwa huangaliwa kwa sauti ya Kichina na maandishi ya Kiingereza chini, kwenye programu za iQiyi na WeTV (ile ya Tencent kwa watazamaji wa nje ya China), kwenye chaneli za YouTube za majukwaa hayo, na chache kwenye Netflix. Anayebana bando anashauriwa kupakua sehemu kadhaa kwa pamoja pale penye Wi-Fi badala ya kuangalia moja kwa moja.

Tafsiri za ma-DJ, ambao husimulia juu ya sauti ya asili na kuongeza utani wao, zinafaa sana kwa filamu za mapigano. Kwa hizi hazifai. Tamthilia inayotegemea ukimya ikijazwa maneno, hakuna kinachobaki.

Nianze na ipi?

Anza na When I Fly Towards You. Ni ya sehemu 24, nyepesi, na haimwadhibu mtazamaji. Ukiimaliza na kutaka kitu chenye maumivu na ukweli zaidi, nenda With You, na uwe mvumilivu kwa picha zake za mwaka 2016. A Love So Beautiful ifuate ya tatu, ukiwa umekwisha kujua fomula na unaweza kuicheka. Hidden Love iache hadi mwisho, kwa kuwa shule ndani yake ni mlango tu wa kuingilia hadithi ya chuo kikuu, na ukiipenda ipo The First Frost ya mwaka 2025, inayomfuata Sang Yan, kaka yake Sang Zhi, na msichana aliyesoma naye sekondari, ingawa ile ni ya watu wazima zaidi na ina giza lake.